Mzee Mafua Akinyamaza

Faida mwanangu,

Barua hii hutaisikia kwa sauti yangu. Utasomewa na Mzee Mafua, kwa pua yake ileile iliyoziba, na pale nilipoandika kwa uchungu yeye atapita mbio kama anayetangaza bei ya samaki wa ndagala sokoni. Msamehe. Nisamehe na mimi, maana ningeweza kukuambia haya ana kwa ana. Uko hapo nyuma ya pazia, nasikia kitanda kikilia unapojigeuza. Nimejaribu tangu jioni. Kila nikifungua mdomo yananitoka maneno ya sanduku na ya chakula cha njiani.

Hayo ya sanduku sitayarudia. Mama mkubwa wako Consolata hakuteremka bure kutoka Mutarule. Atapanda nawe meli hapo Kalundu, atakufikisha Kalemie hadi mlangoni pa chuo, na unavyomjua, hakuna kitu atakachosahau na hakuna abiria atakayelala. Nguo zimekunjwa. Samaki wamefungwa. Imebaki kompyuta hii yako tu, ambayo nitaifunga alfajiri ndani ya kile kitenge kizito cha mama yako, kile cha sikukuu. Kabla sijaifunga nina maneno nayo, na nina maneno nawe.

Majirani wamechoka kunisikia nikisema kwamba binti yangu anaenda kusomea ualimu. Nasema kwa sauti kubwa ili nisisikie hofu yangu. Siiogopi meli wala wageni. Naogopa siku utakayokaa mbele ya mashine hii, huko, ubonyeze na usisikie kitu. Mtu mwenye macho, kompyuta yake ikipoteza sauti, amepoteza muziki tu. Wewe utakuwa umepoteza kitabu, kalamu na ubao wa mwalimu kwa mara moja. Halafu wenye macho watainama, watatazama kioo, wataona picha zinawaka vizuri, na watakuambia, "Mbona iko muzima?" Nawajua watu hao. Wa kwanza wao nilikuwa mimi.

Nataka nikurudishe kwenye kilio cha mama yako, siku zile za msiba wake. Najua hupapendi. Hata mimi sipapendi.

Unakumbuka mashine hii ilivyoingia nyumbani. Ilikuwa imeachwa katika kibanda changu cha kuchapa na kutoa fotokopi, mashine kuukuu, betri imekufa, haiwezi tena kubeba programu nzito za siku hizi. Fundi mmoja mpita njia akaniwekea mfumo wa Linux, akasema ni nyepesi na itaiamsha. Nilipomwambia nina mtoto asiyeona, akaongeza na kile chombo kinachosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Siku kilipofungua mdomo na kusema Kiswahili, mama yako alikuwa anasonga ugali. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akaja kusikiliza, akacheka mpaka akajishika kiuno. "Yoo! Huyu muzee ako na mafua!" Jina likabaki. Kila asubuhi alikuwa akimsalimia: Mzee, umeamka? Na wewe ukibonyeza ili ajibu.

Halafu mama yako akaugua, na hakukaa sana.

Katika kilio chetu nyumba hunyamaza. Unajua ilivyo mtaani kwetu, kwenye kartie: redio inazimwa, jirani anapunguza muziki wake, wanawake wanakaa kwenye mikeka ndani, wanaume nje kwenye moto, na haisikiki sauti nyingine isipokuwa ya kulia na ya kusali mpaka kilio kimalizwe. Mimi nilishika desturi hiyo kwa meno. Ukoo wa mama yako ulikuwa umekuja kutoka bondeni, umejaa uani, na nilitaka waone kwamba binti yao alikuwa ameolewa mahali pa heshima. Nilitembea nyumbani kama polisi. Nilinyamazisha hata simu za watu.

Wewe nilikuona umekaa kwenye kona ya mkeka, magoti kifuani. Watu walikuwa wakisemea juu ya kichwa chako. "Na huyu mutoto sasa, nani atamuangalia?" "Haoni, maskini. Mama yake njo alikuwa macho yake." Wote walikuwa wakizungumza habari zako, na hakuna aliyezungumza nawe. Nami nilipita nikiwa na kiti mkononi, nikapita tu.

Ukaingia nyuma ya pazia, ukaiwasha. Siku hiyo umeme ulikuwapo. Sauti nilikuwa nimeiweka juu wakati wa mvua, ili isizidiwe na kelele za mabati, na Mzee Mafua akasalimia nyumba nzima. Wanawake wakanyamaza katikati ya wimbo. Mama mkubwa Consolata akasimama. "Nani huyu anasema mu nyumba ya kilio?"

Nikaingia. Ulinitambua kwa miguu. "Baba, ni minye. Nilitaka tu muntu aniambie kitu."

Macho ya wakwe yalikuwa mgongoni mwangu. Nikafungua ile sehemu ya kupangia sauti, yenye nguzo nyingi, kila moja na jina lake: ya jumla, ya spika, ya sikioni, na nyingine ambazo hata kazi yake sikuijua. Kupunguza sauti kungetosha. Mimi nilizifunga zote, moja baada ya nyingine, kwa hasira, nikarudi kukaa na wanaume. Mmoja akanipiga bega na kusema nimefanya vizuri.

Siku ya kumaliza kilio tulifungua kila tulichokuwa tumefunga. Redio ikawashwa, pombe ikamwagwa, watu wakacheka tena kwa aibu kidogo. Mashine nikaisahau. Niamini, niliisahau kabisa. Wakati ule nilikuwa natoka nyumbani bila viatu na kushtuliwa na mawe.

Ukaja ukaniambia, "Baba, Mzee Mafua hasemi tena. Iko nini?"

Nikatazama kioo. Ile alama ndogo ya sauti pembeni ilionyesha imejaa mpaka juu. Leo najua kwamba alama ile inadanganya. Ni bomba la mbele tu. Nyuma yake kuna mabomba mengine, na moja likifungwa maji hayafiki hata kama la mbele liko wazi. Wakati ule sikujua. Nikabadilisha waya, nikaazima spika za jirani, kimya. Ndipo nikasema neno ambalo nimelala nalo miaka yote hii. Nikasema, "Weye uligusa nini?"

Ukasema polepole, "Pengine ni minye niliiua."

Nami nikaacha neno hilo likae hapo.

Tangu siku ile hukuigusa tena. Majira yote ya mvua yalipita. Nilikuwa nikirudi nakukuta umekaa mlangoni, mikono mapajani, mikono ambayo zamani haikutulia. Shuleni mwalimu aliniita. "Papa Faida, mutoto aliacha kuandika kabisa. Iko nini?" Nikamjibu ni uchungu wa mama yake. Ulikuwa uchungu wa mama yako, kweli. Lakini nilikuwa nimeongeza wangu juu.

Nikaipeleka mashine kibandani, kwa kuwa nyumbani haikuwa na kazi. Akaja mteja na video ya harusi, akataka asikie kabla sijamnakilia. Kimya. Nikafungua ile sehemu ya nguzo. Chini ya kila nguzo kulikuwa na herufi M mbili, alama ya kwamba imefungwa. Zote. Mashine haifungi hivyo yenyewe, na mtoto anayebonyeza kwa kubahatisha hawezi kufunga hivyo, moja moja, mpaka ya mwisho. Nikaona vidole vyangu mwenyewe, siku ile ya kilio. Nikazifungua. Ngoma za harusi zikalipuka kibandani, mteja akaanza kutikisa mabega, nami nikainama chini ya meza nikijifanya natafuta kitu.

Jioni ile nilikuambia, "Nimeitengeneza." Sikukuambia kwamba ni mimi niliyeifunga. Ukarukia shingo yangu. "Baba, weye njo fundi!" Na mimi nikaipokea sifa hiyo, kwamba mimi ndiye fundi, nikakaa nayo mezani, nikala.

Kwa hiyo sikiliza, na kama Mzee Mafua atapita mbio hapa, mrudishe asome tena. Hukuua kitu. Si siku ile, si siku nyingine yoyote. Ni baba yako aliyefunga, kwa kuogopa macho ya watu. Ulikuwa mtoto aliyefiwa, uliomba neno moja tu, na mimi nikaona bora wageni wanisifu. Mama yako asingekasirika kusikia sauti ile. Angemsalimia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilimfanyia heshima ambayo yeye mwenyewe angeicheka.

Na jioni hii umesikia mwenyewe. Mama mkubwa Consolata, aliyesimama siku ile na kidole juu, amekuja kukaa kando yako na kusema, "Umuambie aseme jina yangu." Ukaandika. Mzee Mafua akalitamka jina lake kama mtu aliyeungua ulimi, na mama mkubwa akacheka mpaka akapangusa macho kwa kitenge. Kisha akasema, taratibu, "Ile siku ningemuacha tu aseme." Wewe ukacheka. Mimi nikatoka nje kuangalia kama kuku wamefungiwa, na unajua kuku hatunao tena.

Kosa langu la pili ni dogo kwa sura, lakini nimelifanya mara nyingi zaidi. Nilipoonja kuitwa fundi, sikutaka kuacha. Mashine hii ni mzee. Umeme ukikatika inazimika palepale, na ukirudi inaamka na mdomo umefungwa. Mara nyingine inapeleka sauti kwenye tundu la televisheni ambako hakuna televisheni. Kila mara uliita, "Baba, kuya uangalie," nami nilikuja, nikatazama, nikasogeza kipanya ambacho wewe huwezi kukitumia, nikasema, "Tayari." Siku moja uliniuliza, "Unafanya je, Baba?" Nikakujibu, "Ni mambo ya macho."

Haikuwa kweli. Nimejua hivi karibuni tu. Ulipopata nafasi ya chuo nilishikwa na hofu, na Jumapili ulipokwenda misa na majirani nikabaki, nikajifunga kitambaa usoni, nikazima sauti, nikajaribu kuirudisha kwa vidole peke yake. Nilimwaga chai. Niliandika upuuzi. Lakini mwishowe nilipata njia. Kwanza mkono unakwenda nyuma ya spika: swichi imewashwa? Waya umeingia mpaka mwisho? Halafu vidole vinafungua dirisha la amri, na mtu anaandika amri ya kujaribu spika, speaker-test. Ikitoka sauti kama mvua juu ya mabati, basi koo la mashine ni zima, msomaji tu ndiye amelala, na anaweza kuamshwa. Isipotoka, mabomba yamefungwa, na hata hayo yanafunguliwa kwa kuandika. Hakuna hatua hata moja inayohitaji jicho.

Nilijisifu sana. Nilikuandikia njia yote, amri kwa amri, nikapanga iwe zawadi yangu ya kukuaga, iwe ndiyo barua yenyewe. Niliimaliza. Kisha nikaifuta, kwa sababu ya jambo la juzi.

Juzi umeme ulikatika mchana, ukarudi, nikafunga kibanda mapema. Nilipofika uani nikasikia mashine inaamka, feni yake inakoroma, halafu kimya. Kimya kile nakijua. Nikavua viatu mlangoni, nikasubiri uniite.

Hukuniita. Hukujua kama nipo. Nikasikia vidole vyako, taratibu, bila haraka. Hakikutokea kitu. Vidole tena. Halafu mvua ikanyesha kutoka kwenye spika, mvua ile ile, ukaikata. Vidole mara nyingine, na Mzee Mafua akasema saa. Nawe ukamwambia, kwa sauti ya mama yako kabisa, "Weye muzee, dawa ya mafua ulitupa wapi?"

Hukushangaa, Faida. Mtu akifaulu kwa mara ya kwanza hushangaa. Ulicheka kidogo na ukaendelea na kazi yako, kama mtu aliyefunga kamba ya kiatu.

Nilichukua viatu vyangu nikarudi njiani. Nilisimama kwenye ukuta wa jirani mpaka jua likaingia nyuma ya milima. Halafu nikaingia kwa kishindo, nikikohoa, kama ninavyoingia siku zote. Sikuwa nimekaa vizuri ukaniita. "Baba, kuya uangalie. Sauti imepotea tena."

Nikaja. Nikapeleka mkono nyuma ya spika, nikakuta waya umevutwa nusu. Waya haujivuti. Nikausukuma ndani. Nikasema, "Tayari." Ukasema, "Aksanti, Baba. Weye njo fundi." Ukasogea kwenye benchi ili nikae, ukanimiminia chai, ukaniuliza, "Umeshinda je?" Unaniuliza hivyo kila mara ninapomaliza kutengeneza.

Sijalala vizuri tangu juzi. Nimezirudia jioni zote tangu mama yako aondoke. Zile nilizokuwa nikirudi na kwenda moja kwa moja kitandani, nikageukia ukuta, sitaki kula, sitaki mtu. Ndipo uliponiita. Baba, kuya uangalie. Nikaamka kwa sababu kulikuwa na kazi. Nikaketi. Chai ikaja, sahani ikaja, maneno yakaja. Nilidhani nilikuwa nakutunza. Ulikuwa msichana mdogo, na ulikuwa unamtoa baba yako kitandani kila siku kwa kuvuta waya.

Na sasa najiuliza kama hata lile la kilio ulilijua. Masikio yako yanatambua jirani kwa kikohozi chake. Siku ile ulikuwa umekaa karibu yangu, na vidole vyangu vilipiga kwa nguvu. Labda ulivisikia. Labda ulijua siku ile uliponirukia shingoni. Sina moyo wa kukuuliza, ndiyo maana naandika.

Basi sikupi maagizo ya sauti. Unayajua kuliko mimi. Huko Kalemie wakikuambia mashine iko muzima kwa sababu kioo kinawaka, usiwakasirikie sana. Wafundishe, ndicho unachokwenda kusomea. Na usikubali haraka kwamba ni wewe uliyeharibu. Uliza kwanza nani mwingine alipita hapo.

Mimi kesho nitakusindikiza mpaka Kalundu, nitabeba sanduku, nitatania mabaharia, nitasema maneno ya njia. Nitalia nikirudi, si mbele yako, ingawa utajua. Jioni nitaingia nyumbani na kukohoa mlangoni kwa mazoea. Hata Mzee Mafua hatakuwapo. Sijawahi kulala katika nyumba hii nikiwa peke yangu, na nakuambia wazi kwamba naogopa.

Nina ombi moja. Najua utakuwa na masomo, marafiki, na kazi ya kukutosha. Lakini siku moja moja, jioni, nipigie simu uniambie, "Baba, sauti imepotea." Sitakuuliza kama ni kweli. Nitakaa vizuri kwenye benchi, nitakuambia, shika waya kwanza, usukume mpaka mwisho, sasa andika hivi, polepole. Nawe uitikie ndiyo, ndiyo, kama mtu asiyejua. Nikimaliza, nitasema tayari.

Halafu uniulize nimeshinda je.

Baba yako